Faini au Saini? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Maiki ya Kompyuta kwa Gumzo la Mtandaoni

Kila Ijumaa baada ya isha ukoo wetu hukaa barazani. Baraza lenyewe haliko tena mbele ya nyumba ya marehemu babu pale Ngamiani. Watu wametawanyika: mmoja yuko Mombasa, wawili Dar es Salaam, shangazi yuko Muscat, nami nimebaki Tanga. Tunakutana kwa sauti tu, kila mtu na kompyuta yake, tunapiga soga mpaka usingizi utushinde. Ijumaa moja nilikuwa naeleza habari za kiwanja cha babu, ambacho kodi yake ilikuwa imechelewa. Nikasema, "Mambo yote yamekwisha, bado faini tu." Kukawa kimya. Halafu nikasikia shangazi analia.

"Mwanangu, mnauza kiwanja cha baba yangu bila hata kuniambia?"

"Hapana shangazi, nani kasema kinauzwa?"

"Si wewe hapa umesema bado saini tu?"

Nilimbembeleza muda mrefu usiku ule mpaka akaamini. Tangu siku hiyo nimelichukulia suala la maiki kwa uzito, na ninayoyaandika hapa ndiyo niliyojifunza kwa kujaribu, kusoma na kuwasaidia ndugu na majirani kuchagua zao. Maiki ya gumzo unainunua kwa ajili ya masikio ya mwenzio. Ukilishika hilo, maswali mengi ya dukani yatajijibu.

Kwa nini "faini" iligeuka "saini"? Irabu, yaani a, e, i, o, u, zina nguvu nyingi na hukaa kwenye sauti za chini na za kati. Kinachoitofautisha "f" na "s", au "th" na "s" na "z", ni mvumo mwembamba ulio juu sana, sehemu kubwa ikiwa juu ya hezi 3,000, yaani mitetemo 3,000 kwa sekunde. Simu za kawaida za zamani zilipitisha hezi 300 hadi 3,400 tu, ndiyo maana kwenye simu tulikuwa tunatajiana herufi moja moja. Kwenye intaneti njia ni pana kuliko hiyo, ila mvumo ule mwembamba hufunikwa kirahisi na upepo wa feni na mwangwi wa chumba. Tena masikio ya watu wazima hupoteza sauti za juu kwanza. Shangazi yangu ana miaka sabini na kitu. Mimi nilikuwa natumia maiki ya ndani ya laptopu, shibiri mbili kutoka mdomoni, na feni inazunguka juu ya kichwa.

Hatua ya kwanza: sikiliza chumba chako

Kabla ya kwenda dukani, keti pale unapoketi wakati wa gumzo, saa ile ile, madirisha na feni vikiwa kama vinavyokuwa siku zote. Weka simu mezani mahali ambapo maiki ingekaa, rekodi dakika moja bila kusema neno, kisha vaa iafoni usikilize. Masikio yetu yamezoea kuzipuuza sauti za nyumbani, lakini maiki haina mazoea. Chumbani kwangu nilisikia feni ya dari, friji ya sebuleni, bodaboda zikipita, na muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake pale kona. Vikombe vile nimevisikia tangu utoto na navipenda. Kwenye rekodi vilikuwa vikali kuliko sauti yangu.

Zigawe sauti hizo. Kuna zile zisizobadilika, kama feni na friji, ambazo programu za siku hizi huweza kuzichuja kwa kiasi kikubwa. Kuna zinazokuja na kuondoka, kama jogoo, honi, watoto na vikombe, na hizo huwa ngumu kuchujwa. Halafu kuna mwangwi wa chumba chenyewe, ambao ukishaingia kwenye maiki ni vigumu sana kuutoa.

Ili kuujua mwangwi, piga kofi moja kubwa ukiwa umesimama katikati ya chumba. Nyumba nyingi mpya hapa mjini ni tofali za saruji, sakafu ya marumaru, madirisha ya vioo na bati juu, kwa hiyo sauti inagonga na kurudi kama kwenye bafu. Sebule ndiyo huwa mbaya zaidi. Chumba cha kulala, chenye godoro na nguo zilizoning'inia, kinameza sauti vizuri, na mara nyingi kuhamia huko kutakusaidia kuliko pesa yoyote utakayotoa. Khanga moja ukutani haifanyi kazi kubwa, ni nyepesi mno. Blanketi zito lililokunjwa mara mbili, au pazia nene, ndilo linalosaidia, na liweke nyuma yako, si nyuma ya kompyuta. Maiki inakutazama wewe, kwa hiyo inasikia pia kile ukuta wa nyuma yako unachorudisha.

Mvua ya masika ikipiga bati, hakuna maiki itakayoshinda kabisa. Ila kuna itakayokuwezesha kuendelea kuzungumza, na kuna itakayokulazimisha kuaga.

Hatua ya pili: pima umbali kabla ya kupima bei

Hapa ndipo penye kiini, na wauzaji hawapazungumzii. Ukiusogeza mdomo kwenye maiki mpaka umbali ubaki nusu, sauti yako inaongezeka kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kelele za chumba hubaki pale pale, kwa sababu zinatoka kila upande. Sasa hesabu. Laptopu iko sentimita 40 kutoka mdomoni. Punguza nusu, 20. Nusu tena, 10. Nusu tena, 5. Umepunguza mara tatu, na sauti yako imepanda kwa desibeli 18 juu ya feni ile ile, friji ile ile na mwangwi ule ule. Hujabadilisha ubora wa kifaa hata kidogo. Umetoka shibiri mbili ukaja vidole vitatu.

Ndiyo maana hedseti ya bei ndogo yenye kijiti kinachofika karibu na mdomo huishinda maiki kubwa ya kupendeza iliyowekwa pembeni ya meza. Nimeyaona haya mara nyingi mno. Kijana ananunua maiki nzito yenye taa, anaiweka nyuma ya kibodi ili isimzuie kuona skrini, halafu anashangaa wenzake wanalalamika kwamba anaongea kutoka mtungini.

Kwa hiyo jiulize kwa ukweli: utakubali kuvaa kitu kichwani saa mbili mfululizo? Joto la hapa wakati wa kaskazi si mchezo, na hedifoni za kufunika sikio zima hutoa jasho. Kama jibu ni hapana, basi unahitaji maiki ya mezani yenye mkono wa kuisogeza mpaka mdomoni, au maiki ya kubana kwenye nguo. Kama jibu ni ndiyo, kazi imekuwa nyepesi na nafuu.

Hatua ya tatu: tazama tundu za kompyuta, kisha jaribu ulichonacho

Geuza kompyuta uitazame ubavuni. Kompyuta ya mezani huwa na tundu mbili za duara, ya waridi kwa maiki na ya kijani kwa hedifoni. Laptopu nyingi za karibuni zina tundu moja tu linalobeba vyote viwili. Tundu hilo linataka plagi yenye mistari mitatu myeusi, yaani vipande vinne vya chuma. Plagi yenye mistari miwili ina vipande vitatu, na ni ya hedifoni peke yake au maiki peke yake. Ukiichomeka maiki ya namna hiyo kwenye tundu la pamoja, kompyuta haitasikia kitu, na utadhani umeuziwa mbovu. Tiba yake ni waya mfupi wa kugawa, wenye plagi ya mistari mitatu upande mmoja na matundu mawili upande wa pili. Ni kitu kidogo, nao mafundi wa simu wanakijua.

USB ni habari nyingine. Maiki au hedseti ya USB ina kadi yake ya sauti ndani, kwa hiyo haitegemei tundu la kompyuta wala ubora wake. Kama kompyuta yako ni ya zamani na tundu lake limelegea au linatoa mkwaruzo, nenda kwenye USB moja kwa moja. Ipo pia kadi ndogo ya sauti ya USB, kubwa kama kidole gumba, ambayo unaichomeka halafu unaunganisha hedseti yako ya kawaida.

Sasa, kabla hujatoa hata shilingi, tafuta iafoni zilizokuja na simu yako, zile za waya zenye kitufe katikati. Ndani ya kile kitufe mna maiki. Zichomeke kwenye tundu la pamoja, shika kitufe vidole vinne kutoka mdomoni bila kukigusisha kwenye nguo, mpigie ndugu yako umsikie anasemaje. Mdogo wangu wa Mombasa amekaa na suluhisho hilo mpaka leo. Anakibana kitufe kwenye kola kwa kibanio cha nguo, na sauti yake inafika safi.

Hatua ya nne: chagua aina

Ukifika dukani sema "maiki". Ukiomba kipaza sauti unaweza kuoneshwa spika, kwa kuwa neno ni hilo hilo kwa vitu vyote viwili.

Hedseti ya waya ndiyo naipendekeza kwa watu wengi, bila kusitasita. Mdomo uko karibu na maiki, sauti za wenzako zinabaki masikioni mwako, na ukigeuza kichwa maiki inageuka nawe. Usiidharau kwa sababu ni ndogo. Ndani yake mna maiki ya aina ya elektreti, uvumbuzi wa Gerhard Sessler na James West waliokuwa wakifanya kazi Bell Labs nchini Marekani mwaka 1962. Waligundua namna ya kuufanya utando mwembamba wa plastiki ubaki na chaji ya umeme kwa miaka, na hapo maiki ndogo, nzuri na rahisi zikawezekana. Simu, redio za kaseti na vifaa vya kusaidia kusikia vilitumia uvumbuzi huo. Chagua hedseti ambayo kijiti chake kinapinda na kubaki pale ulipokiweka. Kijiti kinachoanguka chenyewe kitakuudhi kila siku.

Kwa dada na mama zetu wanaovaa ushungi, kuna la kuangalia. Hedifoni ikivaliwa juu ya ushungi inapunguza usikivu, na kijiti kikigusa kitambaa hutoa mkwaruzo mkubwa upande wa pili. Iafoni za ndani ya sikio zinaingia vizuri chini ya ushungi, na maiki unaibana juu ya kitambaa, si ndani yake. Binamu yangu anatumia pini moja tu, ile ile ya kufungia ushungi.

Maiki ya kubana kwenye nguo, ile ya watangazaji, ni nyepesi na haitoi jasho. Nyingi kati yake husikia pande zote sawasawa. Hilo lina faida: ukigeuza shingo sauti haipotei. Hasara yake ni kwamba feni nayo inasikika. Ibane karibu shibiri moja chini ya kidevu, na waya uufunge kitanzi kidogo chini ya kibanio ili mtikisiko usipande. Uangalie urefu wa waya na plagi, kwa maana nyingine zimetengenezwa kwa kamera na zina ile plagi ya mistari miwili.

Maiki ya mezani ya USB inafaa kwa asiyetaka kuvaa kitu na aliye tayari kuisogeza karibu. Hapa utasikia majina mawili: dainamiki na kondensa. Kondensa ni nyepesi kusikia, inachukua hata pumzi. Dainamiki inahitaji sauti iliyo karibu na yenye nguvu. Muuzaji atakuambia dainamiki "haisikii kelele". Si kweli hivyo. Maiki haijui ipi ni kelele na ipi ni sauti yako. Ila kwa kuwa dainamiki ni nzito kusikia, inakulazimisha uisogelee mdomoni, na huko kusogea ndiko kunakozipunguza kelele. Kondensa nayo ukiikaribia na kuipunguza nguvu, itafanya karibu sawa na hiyo. Katika chumba chenye feni na mlango wazi mimi ningechukua dainamiki ya USB, kwa sababu hainiachi nizembee.

Kilicho muhimu zaidi ni mwelekeo. Maiki nyingi za mezani husikia kwa umbo la moyo: mbele vizuri, pembeni kwa kiasi, nyuma kidogo sana. Basi mgongo wa maiki uelekeze kwenye kelele. Feni ya kusimama iweke upande wa nyuma wa maiki, na dirisha la barabarani vivyo hivyo. Feni ya dari ni mtihani, kwa kuwa sauti yake inashuka na kugonga kila ukuta. Ukiweza, badilisha ya dari kwa ya kusimama wakati wa gumzo. Halafu jua uso wa maiki uko wapi. Kuna zinazosikia kutoka kichwani na kuna zinazosikia kutoka ubavuni. Watu wengi huinamia kichwa cha maiki ya ubavuni na kukisemesha, kumbe wanaongea na mahali isipowatazama.

Kama mnaongea watatu wanne kwa kompyuta moja, mama, watoto na wageni, hapo tu ndipo maiki ya mezani inayosikia pande zote inafaa, ikae katikati ya meza, juu ya kitambaa.

Bluetooth naipitia haraka. Ni nzuri kwa muziki. Ila kwenye kompyuta nyingi, mara maiki yake inapowashwa, hedifoni huhamia kwenye hali ya simu na sauti inafifia pande zote mbili, unayosema na unayosikia. Kama unazo tayari, zitumie kusikilizia tu, na kwenye mipangilio chagua maiki nyingine, hata ile ya iafoni za waya. Utaona muziki wako haukongoroki tena.

Na kuna mtego mmoja naomba uuepuke. Ni zile maiki kubwa za kondensa zinazouzwa zikiwa na mkono, sponji na waya wenye matundu matatu upande mmoja na plagi ndogo ya duara upande wa pili. Picha yake ni ya studio. Kondensa za namna hiyo kwa kawaida zinataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa, yaani mtambo wa kuchanganyia sauti, au kifaa kingine cha kuunganishia maiki, na tundu la kompyuta linatoa volti chache tu. Matokeo yake ni sauti dhaifu iliyojaa mshindo wa hewa. Nilinunua moja mwenyewe na pesa ile iliniuma.

Neno juu ya ubora wa kupindukia. Programu za gumzo hubana sauti kabla ya kuituma. Nyingi hutumia mfumo wa Opus, uliowekwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012. Kwenye Discord, kwa mfano, chumba cha sauti huanza na kilobiti 64 kwa sekunde, ambazo ni kama megabaiti 29 kwa saa kwa kila sauti inayozungumza. Hiyo inatosha sana kwa maneno, na bando lako litaishi. Lakini tofauti kati ya maiki nzuri na maiki ya redioni, katika njia hiyo, ni ndogo mno. Pesa inayobaki nunua pazia.

Hatua ya tano: jaribu pale pale dukani

Nenda na laptopu yako. Risiti nyingi zimeandikwa kwamba mali ikishauzwa haitarudishwa, kwa hiyo kubaliana kwanza kwa upole: "Kaka, naomba nijaribu kabla sijalipa, na nikifika nyumbani ikikataa leo hii nikuletee." Muuzaji mwema hatakataa. Anayekataa hata kukuchomekea, mshukuru uondoke.

Rekodi maneno haya kwa sauti yako ya kawaida, si ya hotuba: faini, saini. Thamani, samani, zamani. Fuka, suka, shuka. Pongwe, Pangani, Bumbuli. Kisha sikiliza kwa hedifoni. Mafungu ya mwanzo yanapima zile sauti nyembamba. Ukifumba macho, je, unatofautisha kila neno bila kubahatisha? Fungu la mwisho linapima pumzi, maana "p" na "b" hupiga maiki kama kofi. Mpe pia mtu mwingine asikilize bila kumwambia orodha, umwambie aandike alichosikia. Wewe unajua ulichosema, kwa hiyo masikio yako yatakudanganya.

Ukiwa hapo, ushike waya pale unapoingia kwenye plagi na uukunje taratibu huku unarekodi. Ukisikia mkwaruzo, iache.

Hatua ya sita: iweke, kisha ipime

Nyumbani, kijiti cha hedseti kiweke pembeni mwa mdomo, usawa wa mdomo wa chini, vidole viwili kutoka shavuni. Usikiweke mbele ya mdomo, pumzi itakipiga. Maiki ya mezani iweke vidole vitano hadi nane, ikae pembeni kidogo ili useme ukiipita, si ukiipulizia. Sponji juu yake ni lazima kama kuna upepo wa dirishani.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, ubonyeze kitufe cha Enter. Kisanduku kitafunguka. Ukurasa wa pili ni wa kurekodi, na hapo utaziona maiki zote. Hakikisha uliyoinunua ndiyo yenye alama ya tiki ya kijani, kwa kuwa mara nyingi sana watu hununua maiki mpya na kompyuta ikaendelea kusikiliza ile ya ndani. Igonge kidogo kwa ukucha uone mstari gani unapanda. Ukurasa wa nne unahusu mawasiliano: kwa kawaida Windows hupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 ukiwa kwenye maongezi. Kama hilo linakukera, chagua la mwisho, lisifanye chochote.

Nguvu ya maiki iweke kwa kicheko, si kwa maneno. Kwenye gumzo watu wanacheka, na kicheko ndicho kinachopasua masikio ya wenzako. Cheka kwa dhati na utazame mstari: ufike kama robo tatu, usiguse mwisho. Kama kuna kiongezi cha ziada cha desibeli 10, 20 au 30, kiache sifuri mpaka uhakikishe umeshasogea karibu kadiri unavyoweza, kwa kuwa kinakuza feni kama kinavyokukuza wewe.

Kichujio cha kelele kwenye programu ni msaada mkubwa, ila kiwashe kimoja tu. Watu huwasha cha programu, cha Windows na cha hedseti, vyote kwa pamoja, na maneno yanatoka yamekatwakatwa. Tena kumbuka: "f", "s" na "sh" kwa kichujio zinafanana na upepo, na kikizidishwa kinazila. Jaribu orodha ile ya dukani kichujio kikiwa kimewaka na kikiwa kimezimwa. Mwanzo wa maneno ukikatika, yaani "samahani" ikawa "mahani", kizuizi cha kimya, yaani kile kinachofunga maiki usiposema, kimewekwa juu mno. Kishushe kwa mkono badala ya kuiachia programu.

Yapo malalamiko mawili utakayoyapata. La kwanza: mvumo wa chini usiokoma. Chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukikatika, ni umeme wa hezi 50 unaopenya kwa sababu ya ardhi mbovu ya soketi. Maiki ya USB mara nyingi hupunguza shida, la sivyo ongea ukitumia betri. La pili: mwenzako anasema anajisikia mwenyewe. Hilo halitoki kwake, linatoka kwako, kwa sababu spika zako zinaimba sauti yake na maiki yako inaikamata. Vaa hedifoni.

Kuitunza karibu na bahari

Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na maiki ni utando mwembamba unaochukia vyote viwili. Usiiache dirishani usiku kucha. Ikishatumika ifute kwa kitambaa kikavu, iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Sponji ioshe kwa sabuni kidogo kila baada ya wiki chache, uianike ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Sponji yenye mate na jasho huziba zile zile sauti za juu tulizohangaika kuzipata. Plagi ikianza kuwa na kutu ya kijani, ifute kwa spiriti na pamba.

Mara nyingi hedseti hufia kwenye waya, karibu na plagi, si kwenye maiki. Fundi redio anaweza kuikata na kuichomea plagi mpya mkiwa mnapiga gumzo. Mwambie tu kama ilikuwa ya mistari miwili au mitatu, na akimaliza msomee: faini, saini.